Ruzuku za kuwasaidia vijana kupata kazi: anza kusoma kwenye jedwali la bajeti

Kwenye daftari la mahudhurio la darasa la ushonaji tulilokuwa tukiliendesha Mbagala, Dar es Salaam, jina la binti mmoja lina tiki siku kumi na moja mfululizo. Siku ya kumi na mbili kuna kistari. Ya kumi na tatu, kistari. Wiki iliyofuata mwalimu aliacha hata kuweka vistari. Nilipomfuata nyumbani nilimkuta uani anafunga mafungu ya mchicha wa kuuza, mtoto wa miezi tisa yuko mgongoni. "Dada, siyo kwamba sitaki," akaniambia. "Nauli mnayotoa inanifikisha, hainirudishi."

Alikuwa anasema jambo lilivyo. Mradi ulitoa shilingi 1,200 kwa siku. Yeye alipanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kila moja shilingi 600. Siku zote kumi na moja alirudi kwa miguu, na mtoto. Na ile 1,200 niliijua ilikotoka. Kwenye bajeti ya kwanza tuliandika 2,400; kwenye majadiliano mfadhili akasema gharama kwa kila kijana imekuwa kubwa, tuipunguze. Tukaipunguza pale ambapo hapakuwa na mtu mezani wa kulalamika.

Tangu siku ile, nikipewa andiko la mradi wa ajira kwa vijana nalisoma kuanzia nyuma, kwenye jedwali la bajeti. Maelezo ya mbele huandikwa na mtu mwenye kalamu nzuri, na karibu yote husema mambo yaleyale: kuwezesha, kujumuisha, kuwafikia walio pembezoni. Bajeti ndiyo inayosema nani atalipwa, kwa kazi gani, na nani ataambiwa ajitegemee. Makala hii inajaribu kueleza jinsi fedha hizo zinavyotembea, kwa ajili ya anayetaka kuziomba, anayeishi karibu na mradi, na kijana mwenyewe anayeitwa "mnufaika" bila kuulizwa.

Ruzuku si mkopo, wala si zawadi

Mitaani neno hili limevurugika. Kijana akisikia "hela za vijana" hatofautishi za halmashauri, za shirika na za benki. Kwake zote ni hela zinazotangazwa redioni na kupotelea ofisini. Hana makosa, maana hakuna aliyemweleza.

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyoingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kwa marekebisho ya mwaka 2018, ni mkopo. Hauna riba, lakini unarejeshwa. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Serikali iliusimamisha Aprili 2023, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuanika madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, ukaja kuanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kijana anayeuchukua akidhani ni ruzuku huamka siku moja na barua ya madai mlangoni.

Ruzuku hairejeshwi. Lakini ina masharti: imetolewa kwa kazi fulani, kwa watu fulani, ndani ya muda fulani, na kila shilingi iwe na karatasi yake. Ukichukua fedha ya mafunzo ukanunulia pikipiki ya ofisi, hata kama pikipiki mliihitaji kweli, mkaguzi ataiandika kuwa gharama isiyokubalika, na shirika litairudisha kutoka kwenye mfuko wake ambao mara nyingi hauna kitu. Nimeona shirika dogo likifa namna hiyo, na hakuna aliyeiba. Walinunua vyerehani vilivyotumika kwa fundi wa Tandika, bei nzuri, mashine imara, ila fundi hakuwa na mashine ya EFD, ile inayotoa risiti za kodi. Risiti ya mkono haikukubalika. Vyerehani vilikuwepo, wasichana walikuwa wanashonea, na shirika likadaiwa bei yake yote.

Ruzuku ya ajira humfikia kijana kwa njia tatu. Ya kwanza na ya kawaida ni kupitia shirika: fedha inalipa mradi, mradi unamfundisha kijana. Ya pili ni kumpa kijana au kikundi chake fedha yenyewe. Huko Kenya, mradi wa NYOTA wa serikali na Benki ya Dunia unampa kijana wa miaka 18 hadi 29, au hadi 35 akiwa na ulemavu, mtaji wa shilingi 50,000 za Kenya kwa awamu mbili. Ya tatu ni kumlipia gharama mtu aliye tayari kumpokea: chuo kinalipwa ada, au mwenye karakana anafidiwa muda wake anapomchukua mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza ufundi kwa kufanya kazi. Programu ya uanagenzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu Tanzania ni ya aina hiyo.

Katika njia hii ya tatu fedha haitoki nje tu. Tanzania kuna tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, inayolipwa na waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi. Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara. Kwa hiyo kijana anayesoma chuo cha ufundi cha VETA kwa ada iliyolipwa na programu hasomi kwa huruma ya mtu. Anasomeshwa na tozo inayotokana na jasho la wafanyakazi wa nchi yake, na ana haki ya kuuliza ubora wa anachofundishwa.

Mikono ambayo fedha inapitia

Fedha ya ruzuku kubwa haiji moja kwa moja Mbagala. Inaanzia kwa mlipakodi wa Ulaya, au kwenye mfuko wa hisani kama Mastercard Foundation ya Toronto, ambayo mwaka 2018 ilitangaza mkakati wa kuwawezesha vijana milioni 30 wa Afrika kupata kazi zenye staha ifikapo 2030. Inakwenda kwa shirika kubwa la kimataifa lenye wahasibu wa kutosha kubeba masharti. Shirika hilo linagawa ruzuku ndogo kwa mashirika ya mikoani. Shirika la mkoani linalipa chuo au fundi. Mwisho kabisa ndipo ilipo nauli ya yule binti.

Wengi huona mnyororo huu ni wizi uliohalalishwa. Sioni hivyo, ingawa hasira yao naielewa. Mfadhili aliyeko Brussels hana namna ya kukagua vocha za mashirika elfu moja madogo, kwa hiyo anamlipa mtu mmoja amfanyie kazi hiyo. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unamruhusu aliyepewa ruzuku kugawa ruzuku ndogo kwa wengine, na kwa kawaida kila mmoja hapati zaidi ya euro 60,000. Kwa shirika changa la Kigoma au Lindi huo ndio mlango wa kweli. Kupambana na tangazo la euro laki tano wakati hesabu zenu hazijawahi kukaguliwa ni kupoteza miezi miwili ya usingizi.

Ninachokilalamikia kwenye mnyororo ni kwamba kila mkono una gharama za kuendesha ofisi, na mkono wa mwisho ndio unaoambiwa hauna haki ya kuwa nazo. Kodi ya pango, umeme, mhasibu, intaneti: wafadhili huziita gharama zisizo za moja kwa moja, na wamezoea kuzilipa kwa asilimia maalumu. Umoja wa Ulaya hulipa hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Serikali ya Marekani ilikuwa na kiwango cha asilimia 10 kwa asiye na makubaliano maalumu, ikakipandisha hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Asilimia hizo mara nyingi humezwa na shirika la juu. La chini huambiwa lichangie ofisi yake "kama mchango wa jamii". Matokeo yake mhasibu wa shirika dogo analipwa kwa kuandikwa kuwa ni mratibu wa mafunzo, uongo mdogo ambao kila mtu anaujua na ambao mkaguzi akitaka anaweza kuufanya kesi. Ukisaini mkataba wa ruzuku ndogo, uliza waziwazi: asilimia ya uendeshaji tunagawana vipi? Swali hilo halijawahi kumfukuzisha mtu ukumbini.

Halafu kuna sheria za nyumbani. Kwa Tanzania, kanuni za NGOs za mwaka 2018 zilitaka mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa. Mashirika mengi hukumbuka sharti hilo wakati wa ukaguzi. Kule Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilikaa kabatini zaidi ya miaka kumi, ikaanza kutumika Mei 2024.

Mnyororo mrefu una hatari nyingine, ambayo mwaka 2025 uliionyesha bila huruma. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Barua za kusimamisha kazi zikashuka ngazi kwa ngazi, na kufikia tarehe 1 Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imefungwa, na kilichobaki kimehamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Kwenye karatasi huo ni uamuzi wa bajeti wa nchi nyingine. Kwa kijana aliyekuwa mwezi wa nne wa mafunzo ya miezi sita, ilikuwa ni mwalimu kutokuja Jumatatu. Mafunzo ya ufundi hayagawanyiki: aliyejifunza nusu ya umeme wa majumbani hawezi kufanya nusu ya kazi, na cheti cha nusu hakipo. Ndiyo maana nawaambia wenzangu, ukipanga mradi wa mafunzo, ada za chuo zilipwe mwanzoni kwa kozi nzima, hata kama mfadhili anapenda kulipa robo kwa robo. Ukikatika, watoto wamalize.

Hesabu moja, taratibu

Tuchukue mfano wa kutunga. Vijana 100, mafunzo ya ufundi ya siku 60 pamoja na ufuatiliaji, mradi mzima miezi 18. Mishahara ya watumishi, shilingi milioni 47. Ada na malighafi za kujifunzia, milioni 32. Nauli na kitafunwa, shilingi 3,000 kwa kijana kwa siku, ni milioni 18. Vitendea kazi vya kuanzia, 250,000 kwa kila mmoja, milioni 25. Ufuatiliaji baada ya mafunzo, milioni 12. Ukaguzi wa hesabu, milioni 6. Jumla ni milioni 140. Ongeza asilimia 7 ya uendeshaji, inafika milioni 149.8. Gawa kwa 100: kila kijana anagharimu karibu shilingi milioni 1.5.

Hapo ndipo simu ya mfadhili hupigwa. Milioni moja na nusu ni nyingi, mradi mwingine unafanya kwa milioni moja na laki tatu. Mratibu anaangalia jedwali. Mishahara haigusiki kwa sababu wenye mishahara wamo chumbani. Ada haigusiki, chuo kina bei yake. Nauli inaondoka. Sasa jumla ni karibu milioni 130.5, na kila kijana anagharimu milioni 1.3. Mfadhili ameridhika.

Rudi baada ya mwaka. Tuseme kwenye bajeti ya kwanza walimaliza vijana 80, na miezi sita baadaye 48 wako kazini. Kila kijana aliye kazini amegharimu karibu shilingi milioni 3.1. Tuseme kwenye bajeti iliyokatwa wamemaliza 50 na 28 ndio wako kazini. Kila mmoja amegharimu karibu milioni 4.7. Bajeti "nafuu" imetoka ghali kwa nusu nzima, na waliodondoka njiani ni walewale wa nauli mbili, wenye watoto, wenye ulemavu wanaohitaji bajaji badala ya daladala. Waliobaki ni wanaokaa jirani na chuo na wenye mzazi wa kuwapa hela asubuhi. Wengi wao wangepata njia hata bila sisi.

Namba za waliomaliza nimezitunga ili hesabu ionekane. Mwenendo wenyewe nimeuona zaidi ya mara moja. Gharama ya kuangalia ni ile ya kila kijana aliyefika kazini, na hakuna sehemu kwenye fomu nyingi za maombi inayoiuliza.

Mambo mengine ya jedwali yapite haraka: posho za vikao zisizidi nauli za vijana, ukaguzi uwepo hata kama ni mdogo, na kifungu cha ufuatiliaji kisiwe cha mwezi mmoja. Nikikuta kifungu cha mlezi wa watoto, hata kama ni mama mmoja na mkeka kwenye chumba cha pembeni, najua aliyeandika bajeti hiyo amewahi kukaa na wasichana.

Nani anahesabiwa, na kazi ni nini

"Kijana aliye katika mazingira hatarishi" ni maneno matano yenye milango mingi. Tuanze na neno la kwanza. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 ilimtambua kijana kuwa wa miaka 15 hadi 35, sawa na Mkataba wa Vijana wa Afrika. Katiba ya Kenya inaanzia 18 na kuishia kabla ya 35. Takwimu za Umoja wa Mataifa zinasema 15 hadi 24. Mradi unaokubali hadi miaka 35 bila kuweka mgawo ndani yake utajaa watu wa miaka 30 wenye biashara tayari. Hao ndio wanaojua kujaza fomu, ndio wenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, ndio wanaojulikana kwa mtendaji wa kata.

Hayo ya kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa yanaonekana madogo. Binti aliyefukuzwa kwao kwa ujauzito na sasa anaishi kwa shoga yake mtaa mwingine hana mwenyekiti wa kumtambulisha. Kijana aliyetoka gerezani anaona aibu kwenda kuomba barua pale ambapo kesi yake ilianzia. Mradi unaosema unawalenga hawa, kisha ukaweka sharti la NIDA na barua siku ya kwanza, umeshawachuja kabla ya kuwaona. Tulilitatua kwa njia rahisi: uandikishaji ulianza na jina na mahali anapolala, na kupata kitambulisho ikawa sehemu ya mafunzo yenyewe. Mfadhili alisita, akakubali tulipomwonyesha orodha ya waliokuwa wamerudishwa.

Kisha neno kazi. Viashiria vya mradi husema "asilimia 60 ya wahitimu wamepata ajira au kujiajiri". Kujiajiri ni nini? Kama yule binti wa mchicha angehojiwa siku niliyomkuta, angehesabiwa kuwa amejiajiri, na alikuwa amejiajiri hivyohivyo kabla hatujamjua. Kwa hiyo kiashiria kisichosema kijana alikuwa wapi mwanzo, anaingiza kiasi gani sasa, na hali hiyo imedumu miezi mingapi, kinahesabu watu wanaopumua.

Siku hizi wafadhili wengine hupenda kulipa kwa matokeo: hakuna ajira, hakuna malipo ya awamu inayofuata. Nia ni njema, wamechoka kulipia semina. Lakini shirika linalolipwa kwa kila aliyeajiriwa litamchagua nani siku ya usaili? Atakayeajirika upesi. Kiziwi anayehitaji mkalimani wa lugha ya alama atabaki nje, bila mtu yeyote kuwa na roho mbaya. Dawa yake ipo kwenye mkataba: aliye mbali zaidi na ajira alipiwe zaidi. Kama bei ni moja kwa wote, andiko linaweza kusema chochote kuhusu ujumuishi, mkataba umeshasema vingine.

Ushahidi kutoka kwa majirani

Kama kuna mradi mmoja ninaotaka kila mwandishi wa maandiko aujue, ni ule wa Youth Opportunities Program wa kaskazini mwa Uganda. Eneo lilikuwa linatoka kwenye vita vya waasi wa LRA. Serikali ya Uganda, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwaalika vijana wa miaka 16 hadi 35 waunde vikundi na kuandika maombi ya ruzuku ya kujifunza ufundi na kununua vifaa. Vikundi 535 vilivyokidhi vigezo vilikuwa vingi kuliko fedha, wakapiga kura ya bahati nasibu: 265 wakapata, waliobaki wakakosa. Kwa sababu ya bahati nasibu hiyo, watafiti Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliweza kulinganisha waliopata na waliokosa kwa haki.

Kila kikundi kilipata wastani wa dola 7,500 hivi, karibu dola 382 kwa mwanachama, zikiingizwa kwenye akaunti ya kikundi bila mtu wa kuwasimamia baadaye. Wakubwa wengi wangesema zitanywewa. Hazikunywewa: nusu na zaidi ilinunua vifaa, vyerehani na zana za useremala hasa, na sehemu ndogo, kama asilimia 11, ilikwenda kwenye mafunzo. Miaka minne baadaye kipato cha waliopata kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha waliokosa, na saa zao za kazi kwa asilimia 17.

Habari haikuishia hapo, na sehemu ya pili ndiyo husahauliwa kwenye maandiko. Watafiti walirudi miaka tisa baada ya ruzuku. Tofauti ya kipato ilikuwa imefutika. Waliopata hawakuanguka; waliokosa ndio walipanda pole kwa pole kwa vibarua na biashara ndogo hadi wakawafikia. Kilichobaki kwa waliopata ni mali zaidi na ufundi mikononi. Mimi nasoma hivi: ruzuku iliwanunulia vijana wale miaka. Kwa mtu wa miaka 22 mwenye mtoto, kupata leo kile ambacho angekipata baada ya miaka tisa ya vibarua ni jambo kubwa. Lakini haikugeuza uchumi wa kaskazini mwa Uganda, na andiko linaloahidi kugeuza uchumi wa wilaya kwa vijana 100 linaahidi kisichoonekana popote.

Rwanda walikwenda mbali zaidi. Programu ya Huguka Dukore, iliyofadhiliwa na USAID kuwaandaa vijana kwa kazi, ililinganishwa na kuwapa vijana wa aina hiyohiyo fedha taslimu za gharama inayolingana. Mafunzo yalisaidia: saa za kazi, mali na akiba viliongezeka. Fedha za gharama ileile zilifanya hayo na zaidi, zikainua hata kipato na matumizi ya kaya. Mafunzo yalishinda kwenye maarifa ya biashara. Sisi tunaoishi kwa kuendesha mafunzo tunapaswa kuyatazama majibu hayo bila kupepesa macho. Kama semina yetu inagharimu kuliko inavyobadilisha, kijana angefaidika zaidi tungempa hela tukakaa pembeni.

Hata hivyo uwanja hauko wa aina moja. Kwa walio wadogo kiumri na kwenye kaya maskini sana, TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania unaosaidia kaya maskini, na UNICEF walijaribu kuchanganya mafunzo na fedha. Mradi wao wa Ujana Salama, uliofanyika katika mikoa ya Iringa na Mbeya, ulichukua vijana wa miaka 14 hadi 19 kutoka kaya zilizokuwa zikipokea ruzuku ya TASAF, ukawapa mafunzo ya wiki 12 ya stadi za maisha na kujikimu, kisha mlezi wa kuwaongoza kwa miezi, kisha ruzuku ya uzalishaji ya kama dola 80 baada ya kuandika mpango wa biashara au wa shule. Naupenda mpangilio huo kwa jambo moja: kaya ilikuwa inakula kwa fedha nyingine. Kijana ambaye nyumbani hakuna unga hawezi kukaa na mtaji wa dola 80 wiki mbili. Utageuka unga, na ni haki ugeuke.

Vyerehani ni vya nani

Nimeacha mwisho jambo ambalo kwenye mikataba huwa na aya moja isiyosomwa: mali za mradi. Vifaa vilivyonunuliwa kwa ruzuku si vya shirika hadi mkataba useme hivyo, na wakati mradi unafungwa mfadhili ana sauti juu ya pa kuvipeleka. Kama hakuna aliyeandika mapema, karatasi za kuvihamisha huchukua miezi.

Darasa letu la Mbagala lilifungwa Desemba. Vyerehani 20 vikawekwa stoo, kila kimoja na stika yenye namba na nembo, vikisubiri kibali. Wahitimu wakatawanyika. Yule binti alikuwa amerudi kwenye awamu ya pili baada ya nauli kupandishwa hadi 2,400, akamaliza, mtoto wake akiwa na miezi kumi na sita na ameshajua kuburuta vitambaa chini. Februari nilimkuta sokoni kwenye kibanda cha fundi mwingine, anakodi cherehani kwa shilingi 2,000 kwa siku, sare za shule zimejaa kwenye mfuko wa sandarusi miguuni pake. Aliniuliza kama zile mashine bado ziko. Nikamwambia ziko, zinasubiri barua.

Barua ilifika Mei. Kwa zile wiki zilizopita katikati, akifanya kazi siku sita kwa wiki, alikuwa amelipa kodi inayokaribia bei ya cherehani cha mtumba. Mkataba uliofuata tuliandika kwenye ukurasa wa nne kwamba kila mhitimu anakabidhiwa kitendea kazi chake siku ya mwisho ya darasa, kwa hati ya makabidhiano yenye jina lake na saini yake, mashahidi wakiwa mwalimu na mwenyekiti wa mtaa.